Fomu ya Kuruthumu

Barua ilimkuta Maftah akiwa amepiga magoti chini ya cherehani yake, anapapasa vumbi la baraza kutafuta sindano iliyomdondoka. Ilikuwa Oktoba ya mwaka sabini na tano, na pale Mugumu sindano ya cherehani ikikupotea ulikuwa huna budi kungoja mtu aende Musoma. Lakini dereva wa lori la ushirika aliposema, "Mzee Maftah, una barua kutoka Tarime," aliinuka palepale, akajifuta mikono kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili. Sindano aliikumbuka kesho yake.

Mwandiko aliujua kabla hajaigeuza bahasha. Kuruthumu, mtoto wake wa pekee, alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Tarime. Maftah mwenyewe aliishia darasa la nne, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno na midomo ikinong'ona.

"Baba mpenzi, shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba mwakani naingia kidato cha tatu, na tumepewa fomu ya kuchagua masomo tutakayofanyia mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu Waitara wa michezo anasema nichukue historia na jiografia, niache sayansi, maana sayansi ina vitendo vya maabara kila jioni, na jioni ndiyo saa ya mazoezi. Mwalimu Mokami wa taaluma anasema nikiacha baiolojia na kemia nitakuwa nimetupa bahati yangu mtoni. Mimi napenda kukimbia na napenda maabara. Fomu inataka sahihi ya mzazi kabla shule haijafungwa. Baba, nishauri. Usiniambie nichague mwenyewe, maana nimejaribu nimeshindwa."

Aliisoma mara tatu. Kisha akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akakaa kwenye kiti chake bila kukanyaga cherehani.

Watu wa Mugumu walimjua Maftah kama fundi asiyeharibu kitambaa cha mtu. Baba yake alikuja kutoka pwani zamani za Mwingereza, cherehani ikiwa kichwani, akashonea askari na makarani, akafa bila kurudi kwao. Maftah alirithi cherehani na dini na ukimya wa baba yake. Mke alimpata ng'ambo ya Mto Mara, Kemambo, kwa Wakurya: Nyangi, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, mcheshi kuliko mumewe. Waliishi miaka kumi. Homa ilimchukua kwa siku tatu tu, Kuruthumu akiwa darasa la tatu. Tangu hapo nyumba ilibaki na watu wawili, na mtoto alipochaguliwa kwenda sekondari, ikabaki na mmoja.

Hamu ya mtoto ilimjia kwa njia ya ajabu. Haikumjia sana wakati wa kula, wala Ijumaa akitoka msikitini. Ilimjia saa kumi jioni. Hiyo ndiyo saa aliyokuwa akimtuma na nguo zilizokwisha kushonwa, apeleke kijiji jirani cha Morotonga, na mtoto hakujua kutembea. Aliweka furushi kichwani, mkono mmoja juu, akatimka. Wenye nguo walizoea kusema, "Mzee Maftah, nguo zako zinafika zina joto la pasi." Na kwa upande mwingine alikuwa mtoto wa kuuliza. Kuku hakuchinjwa pale nyumbani bila Kuruthumu kuchutama karibu na kuuliza hii firigisi ni ya nini, na huu utumbo unaanzia wapi, mpaka mama yake, enzi za uhai wake, akawa anasema mchuzi utaiva kesho kwa maswali.

Sasa huyo mtoto alikuwa anauliza swali ambalo Maftah hakuwa na jibu lake. Kemia ni nini? Alijua inaandikwaje tu, na hilo kwa kuwa ilikuwa kwenye barua.

Basi alifanya jambo ambalo Mugumu walilizungumza kwa mwezi mzima. Alichukua karatasi ya kukatia vipimo, akaandika majina ya masomo yote, akatoka akaenda kuuliza.

Alianza kwa Mniko, mtoa dawa wa zahanati. Mniko alikuwa anahesabu vidonge vya klorokwini, hakuinua kichwa. "Bila baiolojia," alisema, "hospitali utafagia, hutatibu. Mimi nimeishia kwenye kutoa dawa kwa kuwa sikuipata. Mwambie mtoto."

Bwana shamba alimwonyesha mfuko wa mbolea. "Kemia ndiyo hii iliyomo humu. Wanakijiji wanasema ni chumvi. Mwenye kemia anajua siyo chumvi."

Fundi makanika alitoka uvunguni mwa lori, mafuta mpaka kwenye nyusi, akapiga jeki teke. "Fizikia? Hii hapa. Mimi nainua lori zima kwa mkono mmoja, na sijui kwa nini linainuka. Mwenye fizikia anajua." Akarudi uvunguni.

Katibu kata alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akasema siasa haina haja ya kuchaguliwa, ndugu, hiyo ni ya lazima.

Wa mwisho alikuwa Mzee Matiko, askari mstaafu aliyewahi kushindana mbio jeshini na ambaye sasa alikuwa akitembea kwa fimbo. Maftah alimwamkia, akamweleza habari yote. Mzee alitazama ng'ombe wake wakirudi.

"Mbio zinaisha," alisema mwishowe. "Ukikaribia miaka thelathini na tano, miguu inakuaga. Hilo mwambie. Lakini mwambie na hili pia: mtu wa kukimbia akizuiwa kukimbia, ugonjwa wake hauna dawa. Mimi nimelala mara nyingi hapa nikaota nakimbia, nikaamka magoti yananiuma kwa hamu."

Yote hayo Maftah aliyaandika, kila mtu na maneno yake. Kisha akafunga cherehani kwa turubai, akamwachia jirani ufunguo, akapanda lori la mahindi linaloelekea mtoni. Ushauri mwingine hautumwi kwa barua, alijiambia. Lakini ukweli ni kwamba alitaka kumwona mtoto, na fomu ilikuwa imempa sababu.

Lori lilipita Nyambureti, ambako nyumba za kijiji kipya cha ujamaa zilikuwa zimesimama mistarini, nyasi za mapaa bado za njano, na wazee wamekaa nje wakitazama huku na huku kama wageni mbele ya milango yao wenyewe. Kufika Mto Mara, maji yalikuwa yamepanda kwa mvua za vuli, rangi ya chai ya maziwa. Lori likaishia hapo. Waliovuka walivuka kwa mtumbwi, wanne wanne, kila mtu akitazama upande wake kama kuna mamba. Ng'ambo akatembea mpaka Kemambo, akafika kwa mama mkwe wake jua likiwa bado juu ya vilima.

Wegesa alikuwa mzee sasa, lakini kibuyu cha maziwa alikibeba mwenyewe. Kwa heshima ya mkwe hawakukaa kuelekeana. Yeye alikaa ndani ya mlango, Maftah nje kwenye kigoda, amemgeuzia bega. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za waliofariki. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokota, akikwama alimalizia kwa Kikurya, na Maftah aliyeishi na Nyangi miaka kumi alikielewa.

"Unakwenda kumwona mtoto."

"Ndiyo, mama. Shule imeleta fomu ya masomo. Wanataka nisaidie kuchagua."

"Kwani wewe ndiye utasoma?"

"Hapana, mama. Yeye."

Wegesa alisikika akivuta kitu sakafuni, pengine mkeka. Kisha akasema, kwa sauti ileile nzito aliyokuwa nayo binti yake:

"Nyangi hakuulizwa kitu. Hakuulizwa kama anataka shule, akatolewa. Hakuulizwa kama anataka kubaki kwetu. Hata ulipokuja wewe, mtu wa dini nyingine na cherehani yako, wazee walikubaliana wao kwa wao. Hakuna aliyemwuliza."

Maftah aliweka chini kibuyu alichopewa. "Mama, una maana hakunitaka?"

"Sijui, mwanangu. Ndilo ninalokwambia. Hakuna aliyeuliza, basi hakuna anayejua."

Maftah alikaa pale akitazama jua likizama upande wa ziwa, na akajaribu kukumbuka kama kuna siku hata moja katika miaka ile kumi alimwuliza mkewe anataka nini, mbali na kumwuliza kama chumvi imekwisha. Alimkumbuka akicheka. Alimkumbuka akikunja pindo za sketi za shule, akiimba kwa lugha yao. Mtu anayeimba si ameridhika? Au anaweza kuimba huku ana hamu na mahali pengine? Angetoa cherehani yake na baraza lake apewe dakika moja tu ya kumwuliza. Miguu iliyomleta Kemambo ilikuwa imechoka, lakini kilichomwelemea hakikuwa miguu.

Kesho yake mchana gari la misheni lilimpandisha milimani, akafika Tarime kwenye baridi na migomba. Alipoingia uwanja wa shule ilikuwa saa kumi jioni.

Wasichana walikuwa wanakimbia. Uwanja ulikuwa umechorwa mistari kwa majivu, na katikati mbuzi wawili walikuwa wanakula bila kujali. Mbele ya wote, kwa nafasi ambayo ungeweza kupitisha gari la ng'ombe, alikuwa Kuruthumu. Maftah alisimama nyuma ya mti wa mkaratusi. Hakuita. Alikuwa amemwona akikimbia maelfu ya mara, lakini na furushi kichwani na mkono mmoja juu. Hakuwa amewahi kumwona akikimbia na mikono yote miwili. Kichwa kilikuwa kimetulia kabisa, kana kwamba bado kuna mzigo usiotakiwa kuanguka, na chini yake miguu ilikuwa inakwenda kwa wepesi.

Halafu jicho la fundi likaona jambo jingine. Ile bukta ya kaki aliyomshonea mwenyewe, ndefu kupita magoti, mtoto alikuwa ameikunja mara mbili na kuibana kwa pini pande zote. Wakati wa kuishona Maftah alifikiria macho ya watu. Miguu alikuwa ameisahau.

Kuruthumu alipomwona alipiga kelele, akamjia kwa mbio zilezile, kisha akakumbuka adabu hatua mbili kabla hajamfikia. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu. Pumua kwanza."

Walimu walimpokea ofisini, wakampa kiti kizuri. Mwalimu Waitara alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni, na alisema haraka haraka kama mtu anayeogopa kengele. "Mzee wangu, nimefundisha riadha miaka tisa. Mtoto kama huyu nimempata mmoja. Mita mia nane yake ya leo ni ya timu ya mkoa, na bado hajafundishwa vizuri. Nipe jioni zake miaka miwili, nitakupa mtu wa taifa."

Mwalimu Mokami, mama wa makamo, alimimina chai kabla ya kujibu. "Na mimi nimempata mmoja kama huyu kwenye baiolojia. Tuna wasichana wangapi wa sayansi katika mkoa mzima? Mzee Maftah, mshika mbili moja humponyoka. Hii sheria hatukuitunga sisi."

Wote wawili wakamtazama. Maftah alikohoa. "Walimu wangu, mnaniheshimu kuliko nilivyo. Nipeni muda kidogo nikae na mtoto."

Wakaketi nyasini, yeye na Kuruthumu, fomu ikiwa katikati yao imewekewa jiwe isipeperuke. Alimsomea karatasi yake yote. Kwenye jeki Kuruthumu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwenye maneno ya Mzee Matiko alimwomba ayarudie.

"Uliniandikia nisikwambie uchague mwenyewe," Maftah alisema. "Sitakwambia hivyo. Wala sitakuchagulia. Nitakuuliza mpaka tuchoke."

"Haya, baba."

"Ukikimbia, unafikiria nini?"

"Sifikirii kitu. Ndiyo raha yake."

"Na ukiwa maabara?"

"Huko nafikiri mpaka nasahau kengele ya chakula."

"Fizikia je?"

Kuruthumu alikunja uso. "Fizikia naiogopa, baba. Naipasi, lakini kwa kuogopa."

"Hiyo tuiache basi kwa yule wa jeki. Sasa, kati ya kukimbia na maabara, ukinyimwa kipi utalia?"

"Vyote."

"Ukinyimwa kipi utaniwekea kinyongo?"

Hapo mtoto akaanza kung'oa majani moja moja. Kengele ya kuoga ililia, wenzake wakapita wakamwamkia baba yake, wakaenda. "Kukimbia," alisema mwishowe, "nitakimbia hata nikiwa mke wa mtu. Hata kisimani nitakwenda mbio. Lakini maabara hakuna mtu aliye nayo nyumbani kwake. Nikitoka hapa bila kemia, sitaiona tena."

"Basi umejibu."

"Lakini nataka kushindana, baba. Si kukimbia tu. Nataka kushindana."

"Nimesikia. Mwalimu anaamka saa ngapi?"

Hilo ndilo alilokwenda kulizungumza ofisini, na lilimgharimu chai ya pili na ya tatu. Kama jioni ni ya maabara, je, alfajiri si ya mtu yeyote? Mwalimu Waitara alisema alfajiri Tarime ni ya wanajeshi na wagonjwa. Mwalimu Mokami alisema msichana hawezi kuwa nje peke yake. Maftah alisema kwa sauti yake ya taratibu, isiyo na haraka: yeye huamka kwa sala ya alfajiri kila siku na hajaona inamwua. Mwishowe Waitara alivua filimbi, akaizungusha kidoleni.

"Nitaamka. Lakini mzee, ipo siku mambo haya mawili yatagongana, na siku hiyo siyo mimi nitakayeamua."

"Ikifika tutaiangalia usoni," Maftah alijibu.

Fomu ikajazwa: baiolojia, kemia, hisabati, jiografia, pamoja na Kiswahili, Kiingereza na siasa ya lazima. Maftah aliweka sahihi yake kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasani utotoni, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu Mokami aliitazama, akasema hajawahi kupokea fomu nzuri namna ile.

Kuruthumu alimsindikiza mpaka barabarani. Kabla gari halijaja Maftah alitoa futi yake mfukoni, akampima kiuno na paja pale pale, mtoto akitazama huku na huku kwa aibu. Wiki tatu baadaye zilikuja bukta mbili za kitambaa chepesi, fupi kama inavyotakiwa. Mugumu kuna waliosema. Maftah aliwaambia waje na binti zao awapime.

Miaka miwili hiyo aliishi kwa barua. Mtoto alikimbia gizani na mwalimu wake akimfuata kwa baiskeli na tochi. Akawa wa kwanza wilaya, wa kwanza mkoa. Kemia ilimpiga chini muhula mmoja, akainuka. Mashindano yote yalikuwa Musoma au Mwanza, na kila mara Maftah alipanga kwenda, na kila mara kulikuwa na mamia ya sare za shule za kumaliza, au lori halina mafuta, au barabara imekatika. Mpaka wa Sirari ulipofungwa mwaka sabini na saba, uzi uliokuwa ukitoka Kenya nao ukaadimika, akawa anafumua nguo kuukuu apate uzi wa kushonea mpya. "Mwakani, mwanangu," aliandika. Hakuwa amemwona akishindana hata mara moja.

Oktoba ya mwaka huo Kuruthumu aliandika kwamba ameitwa kambi ya taifa ya vijana Dar es Salaam, na mwishoni kutakuwa na mashindano yatakayotangazwa redioni. Maftah aliwaambia watu wote. Siku ilipofika walijaa dukani kwa Jumaa, jirani yake mwenye redio kubwa: Mniko, bwana shamba, makanika na mikono yake michafu, Mzee Matiko kwenye kiti cha mbele. Mtangazaji akasoma matokeo ya wavulana, kisha ya wasichana. Mita mia nane. Jina la kwanza, msichana wa Arusha. La pili. La tatu. Mpaka la nane.

Jumaa alizungusha kitufe akapunguza sauti, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Pengine wamekosea kusoma," makanika alisema.

Mzee Matiko alimwegemea Maftah. "Muda wa huyo wa kwanza nimeusikia. Ule wa mtoto wako, uliotuambia wa Mwanza, ulikuwa mdogo kuliko huo."

Siku tisa Maftah aliishi na picha ya mtoto mgonjwa, amevunjika mguu, amelala hospitali isiyo na mtu. Siku ya kumi barua ikafika.

"Baba mpenzi, shikamoo. Usiwe na wasiwasi, mimi ni mzima. Sikwenda kambini. Tarehe zilibadilishwa, zikaangukia siku za mtihani wa vitendo wa kemia na baiolojia. Mwalimu Waitara aliandika kuomba nichelewe kwenda, wakajibu haiwezekani. Hakukuwa na muda wa kukuandikia, kwa hiyo niliamua mwenyewe. Nilikaa kwenye mtihani. Mwalimu hakunilaumu, lakini siku ile hakuja uwanjani. Wenzangu wa historia hawana mtihani wa vitendo. Ningechukua historia, ningekwenda. Nasema tu, baba. Usihuzunike."

Nasema tu, baba. Maneno hayo aliyasoma tena na tena, kidole kikitembea chini yake. Alirudi kimawazo siku ile nyasini, akayapitia maswali yake moja moja kama mtu anayekagua mshono, atafute palipokosewa. Hakupaona, na kutopaona hakukumpunguzia kitu. Alikuwa na hamu ya mbio ambazo hazikukimbiwa. Mtu ataianzaje hamu ya namna hiyo, na ataimaliza wapi?

Kuruthumu alifaulu vizuri. Aliitwa kusomea uganga msaidizi huko kusini, na baada ya miaka mitatu akapangiwa kituo cha afya wilaya ya Masasi. Ukitoka Mugumu kwenda Masasi, lazima uivuke nchi nzima.

Alikuja likizo mara moja, mwaka themanini na moja, amenenepa kidogo, ana saa mkononi na sauti ya mama yake kabisa. Alimkuta baba yake ana kikohozi, akamgongagonga kifua na mgongo, akamsikiliza kwa mpira wa masikioni, akampa dawa na kumkemea kwa kulala barazani. Mniko alikuja kumsalimu, akamwita daktari. Siku ya nne, wakikatua bustani ya mchicha, Maftah alimwuliza lililomkaa miaka minne.

"Mwanangu, ile kambi. Unaijutia?"

Kuruthumu aliendelea kukatua jembe tatu nne. "Juzi kule kituoni mama mmoja alijifungua mapacha, wa pili amekaa vibaya. Nilikuwa peke yangu, mpaka asubuhi. Wote watatu wazima. Siku kama hiyo sijutii kitu."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine redio inasoma matokeo, baba, nami natoka nje mpaka wamalize." Alijifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Unataka nikudanganye?"

"Hapana."

"Basi ndivyo hivyo."

Maftah aliitikia kwa kichwa taratibu. Ulikuwa ukweli, na ulimwuma, lakini ulikuwa umetoka kinywani mwa mwenyewe. Alichukua jembe lake wakamaliza tuta.

Masasi, Kuruthumu alianzisha mbio kwa wasichana wa shule ya jirani kila Jumamosi, na yeye mwenyewe akawa anakimbia siku za sikukuu, wafanyakazi dhidi ya wafanyakazi. Aliandika kwamba Sabasaba ya mwaka themanini na tatu watakimbia uwanja wa wilaya, na kwamba bado hajapata wa kumshinda. Safari hii Maftah hakuandika "mwakani". Alikabidhi sare zote, akajishonea suti ya kaki, akafika Musoma, akafika Mwanza. Mwanza wakamwambia reli ya kwenda Dar es Salaam imekatika, treni ya mizigo imeanguka na kuing'oa. Alikaa stesheni siku tano, akila mihogo ya kukaanga na kuwauliza wasafiri wenzake Masasi ikoje, kuna vumbi au kuna mchanga, watu wake wanaongea vipi. Siku ya sita ilikuwa Sabasaba yenyewe. Alikaa mpaka saa kumi jioni, saa ambayo alijua mbio zinakimbiwa. Kisha akakunja koti la suti, akapanda basi la kurudi Musoma.

Kuruthumu aliandika kwamba alishinda. Maftah anayo barua hiyo, na dereva yeyote anayepita Mugumu bado anaulizwa naye kama reli ni nzima.